Nyumba ya Minga Kabla ya Julai

Dar es Salaam
6 Februari 1975

Mdogo wangu Febronia,

Riba ya mikopo ya nyumba itapanda kutoka asilimia sita hadi asilimia nane na nusu kuanzia tarehe mosi Julai. Aliyesema ni naibu meneja wa benki, jana, mbele yetu waandishi, na ilibidi arudie kwa sababu mmoja wetu alikuwa amesinzia. Habari itatoka gazetini kesho, lakini gazeti likifika Singida linakuwa limeshazeeka, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa salamu. Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji Mathayo hajambo? Barua yako ya Krismasi haikumtaja. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakohoa kidogo, ni joto na vumbi la ujenzi jirani. Nimesikia watu wa Issuna wameanza kuhamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Niandikie Mama yuko wapi na analala katika nini.

Uliniambia mwaka jana kwamba unaitaka ile nyumba ya mzee Selemani pale Minga. Kama bado unaitaka, sikiliza. Riba ya zamani itampata yule tu atakayekuwa ametia sahihi mkataba kabla ya Julai. Kupeleka maombi hakutoshi. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe na jibu nimelinakili. Niliuliza pia kama riba itashuka tena karibuni. Naibu meneja alisema mafuta yamepanda, saruji imepanda, na benki yenyewe inakopa kwa bei ghali kuliko zamani. Hakusema itashuka. Tangu benki hiyo ifunguliwe nimekuwa nikiandika habari zake, na riba haijashuka hata mara moja.

Nasubiri jibu.

Kaka yako,
Antipasi

*

Singida
2 Machi 1975

Kaka Antipasi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na wifi mpe pole ya kikohozi, ajifukize majani ya mkaratusi. Barua yako ilikaa njiani wiki mbili, basi lilikwama kwenye tope upande wa Manyoni. Nilipomsomea Mama akanikatiza: "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema, "Sasa mbona hajaamkia?" Kwa hiyo ujue kwamba huku umeonekana mtu asiye na adabu, na uanze na salamu siku nyingine.

Watoto wote watatu wako shule. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivuna nayo. Hospitali tuna kazi nyingi, mwezi huu nimezalisha mapacha mara tatu, na njaa ya mwaka jana bado inaonekana kwenye uzito wa watoto.

Mama yuko kijiji kipya. Tembe letu la Issuna lilibomolewa mwezi Januari. Nguzo alizisimamia mwenyewe zikipakiwa kwenye trekta, nyingine zimefika, nyingine hazikufika. Amepewa kiwanja chenye namba, katika mstari, na kwa sasa analala kwenye kibanda cha nyasi. Mvua ikinyesha anahamia kwa jirani. Halalamiki, lakini ameacha kuniambia anachokula, nawe unajua maana yake.

Nyumba ya mzee Selemani bado naitaka. Ina vyumba vinne, matofali ya kuchoma, bati, kisima uani. Anahamia Tanga kwa watoto wake na hana haja ya kubembeleza mnunuzi, maana kuna karani mmoja anayeitaka pia. Nilikwenda kunywa chai kwake. Nikamwambia kwamba nitakopa benki. Akashika kichwa. "Binti yangu, mimi riba siigusi, wala kuitaja sitaki." Mkewe Johari akamwambia kutoka jikoni, "Nani amekwambia uiguse? Wewe gusa fedha ya nyumba tu, riba atagusa mwenyewe na benki yake." Mzee akacheka hadi akamwaga chai. Amekubali kunisubiri mpaka mwisho wa Juni, zaidi ya hapo anamwuzia karani.

Benki inakopesha elfu kumi na mbili. Amana ya elfu moja na mia mbili inatoka mfukoni mwangu. Sina. Wanayo ng'ombe wetu anaotutunzia mzee Alute kule Kinyangiri. Unajua kwamba mimi siwezi kwenda kumwambia Alute "nipe". Atanipa uji na kuniuliza kaka yangu yuko wapi. Nakuomba neno lako. Chumba kimoja ni cha Mama.

Mdogo wako,
Febronia

*

Dar es Salaam
24 Machi 1975

Mdogo wangu Febronia,

Marahaba. Mwambie Mama namwamkia, shikamoo, na kwamba nimesikia karipio lake. Kikohozi cha wifi yako kimepungua. Kodi ya vyumba vyetu imepandishwa tena, kwa hiyo habari za nyumba sizisomi gazetini tu. Nimemtumia Mama blanketi na sukari kwa dereva wa lori anayekuja Singida kuchukua vitunguu, anaitwa Mazengo. Akifika nijulishe, maana nimemlipa nusu.

Nilimwomba mhasibu wetu apige hesabu ya mkopo wako kwa mashine. Elfu kumi na mbili, miaka kumi na mitano. Kwa asilimia sita utalipa karibu shilingi mia moja na moja kila mwezi. Kwa nane na nusu utalipa karibu mia moja na kumi na nane. Shilingi kumi na saba kwa mwezi zinaonekana ndogo, lakini mpaka umalize deni zimezidi elfu tatu. Na ujue kwamba benki haikopeshi tembe, wala nyumba ya udongo hata ikiwa imepakwa chokaa. Kwa mtu wa Singida nyumba za kukopea si nyingi, na wanaozitaka baada ya Julai watazinunua kwa riba ya juu.

Hata hivyo ningekushauri usubiri. Ng'ombe wamekonda na bei yake mnadani imeanguka. Nimeambiwa ni shilingi mia na themanini kwa kichwa, wakati mwaka wa mvua nzuri hufika mia tatu. Ukiuza sasa utahitaji kuuza saba ili upate amana. Ukisubiri wanenepe, wanne watatosha.

Hukunijibu kuhusu shemeji Mathayo. Yuko nyumbani? Yuko kazini? Mpe salamu zangu.

Antipasi

*

Singida
20 Aprili 1975

Kaka Antipasi,

Shikamoo. Mazengo alifika. Blanketi Mama amelipenda, sukari ilikuwa pungufu kidogo na Mazengo anasema ni panya wa lori. Watoto wanakusalimu. Pasaka tulikwenda wote kwa Mama na tukasali chini ya turubai, kanisa bado halijajengwa kijiji kipya.

Nimemweleza Mama habari ya riba. Nilihangaika kwa muda, mwishoni nikamwambia: ni kama ng'ombe wa kumtunzia mtu. Benki inakupa ng'ombe, unamtunza, ndama ni wa benki. Riba ikipanda, ndama wa kupeleka wanaongezeka. Akaelewa kuliko nilivyoelewa mimi. Akauliza, "Na maziwa?" Nikasema maziwa ndiyo kulala ndani ya nyumba. Akasema, "Hayo ni maziwa mengi." Kisha: "Sasa Antipasi anangoja nini? Anataka ndama waongezeke?"

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Nimezisoma hesabu zako mara nyingi. Nikiuza saba badala ya wanne nimepoteza ng'ombe watatu, na kwa bei nzuri hao ni mia tisa. Nikisubiri, napoteza elfu tatu na zaidi, na nyumba inakwenda kwa karani. Hesabu yako inasema niuze. Ushauri wako unasema nisiuze. Wewe ndiye mwandishi wa habari. Mtu akikupa maelezo ya namna hiyo huwa humwachi aondoke kabla hajakwambia sababu.

Maombi nimeyapeleka benki Dodoma kwa mkono wangu, nikiwa nimebadilishana zamu. Yamepokelewa. Karani wa dirishani aliniuliza, "Mama, mwenye nyumba atakuwa nani?" Nikasema mimi. Akauliza tena, "Yaani mzee wako?" Nikasema, "Mimi Febronia, muuguzi mkunga, mwenye mshahara wa kila mwezi na hati hii ya mwajiri." Akaandika. Lakini wanataka sahihi ya mume, au kiapo mbele ya hakimu kwamba mume hana sehemu katika nyumba.

Nangoja neno lako juu ya ng'ombe.

Febronia

*

Dar es Salaam
9 Mei 1975

Mdogo wangu,

Natumaini watoto hawajambo na Mama ni mzima. Sisi hatujambo.

Benki imetoa taarifa jana: tarehe ya mosi Julai haitasogezwa. Tayari maombi yamejaa Dodoma na Mwanza, kila mtu anakimbilia asilimia sita. Wakaguzi wa nyumba ni wachache, kwa hiyo omba siku ya ukaguzi mapema.

Unaniambia benki inataka sahihi ya mume. Mume unaye. Kwa nini unazungumzia kiapo?

Antipasi

*

Singida
22 Mei 1975

Kaka Antipasi,

Shikamoo. Watoto hawajambo, Mama hajambo.

Nilipompelekea Mama barua yako fupi alinitaka niisome mara mbili. Kisha akasema, na naandika alivyosema: "Ninyi wawili mnaandikiana kama watu wa ofisi. Yeye kila siku anauliza Mathayo yuko wapi, wewe hujibu. Wewe kila siku unauliza ng'ombe, yeye hajibu. Hilo ni jambo moja. Mwambie kwamba mumeo amekwenda, naye akwambie kama anaogopa kurudisha mahari. Mimi nitakufa kwa baridi mkiwa bado mnasalimiana."

Basi nasema. Mathayo yuko Tabora tangu Juni mwaka jana. Ana mwanamke huko, na mwanamke ana mimba. Hakunipiga wala hakunifukuza, aliniaga kwamba anakwenda kutafuta kazi reli, na kazi aliipata. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia ungekuja, na ungekuja ungetaka mazungumzo, na mimi sikutaka kurudishiwa mtu aliyekwenda kwa miguu yake.

Nawe najua unachohesabu. Ng'ombe wa Kinyangiri ni wa mahari yangu na uzao wao. Ndoa ikivunjika, wakwe wanaweza kuja kudai. Nikiwauza sasa, wakija kesho utawalipa wewe mtoto wa kiume, kutoka kwenye mshahara wa Dar es Salaam. Hukutaka kuniandikia hivyo, kama ambavyo mimi sikutaka kuandika Tabora.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita sikungoja barua. Nilikwenda Ikungi kwa baba mkwe, mzee Mughwai, pamoja na Mama. Tulimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Alitupa vigoda, akaendelea kuchonga. Mama ndiye aliyeanza.

"Mughwai, tumekuja kuuliza. Ng'ombe wako utawadai?"

"Ng'ombe gani?"

"Usijifanye mzee kuliko nilivyo mimi. Wa mahari."

Akaacha kuchonga. Akaniangalia mimi. "Watoto wangapi mle ndani?"

Nikasema, "Watatu, baba, na unawajua majina."

"Wana jina la nani?"

"Lako."

Akasema, "Mtu achukue watoto na ng'ombe kwa mkono mmoja? Huo ni mkono wa nani, wa mwizi? Wajukuu ninao. Ng'ombe sidai." Kisha akawaita wadogo zake wawili waliokuwa wakipura mtama, akarudia mbele yao, na akawalazimisha waseme wamesikia. Mmoja akasema kwa mzaha, "Na huyu Mathayo tumdai nini?" Mzee akajibu, "Aibu, ila hana."

Alituuliza kama tumekula. Tukala. Aliponisindikiza barabarani aliniambia jambo moja tu: watoto waendelee kuja kwake likizo. Nimekubali.

Hakuna atakayekuja kukudai. Mashahidi wapo, ni wazee wa Ikungi, uwaulize ukipenda. Sasa nataka neno la ng'ombe, na nalitaka kabla ya katikati ya Juni, maana mnada wa mwisho utakaonifaa uko Juni. Usiponipa, nitaiuza cherehani na kukopa kwa wauguzi wenzangu, amana haitatosha, nami nitakwenda hivyo hivyo kujaribu. Lakini nyumba hii siiachi.

Febronia

*

Dar es Salaam
2 Juni 1975

Mdogo wangu Febronia,

Salamu kwa Mama na watoto. Barua yako nimeipata jana.

Kuhusu Mathayo sina la kusema kwa sasa. Kuhusu niliyokuwa nahesabu, sitaandika. Mama amekwisha kuyasema na hakukosea.

Neno la ng'ombe ni hili. Alute hapokei barua, na hata akisomewa hataamini. Makubaliano yake na marehemu Baba yalikuwa kwamba anayekuja kuchukua ataje ng'ombe kwa mama zao, tangu wa kwanza. Mtoto wa kike hakufundishwa hilo, kwa hiyo nakuandikia na ulishike kichwani, usiende ukisoma. Walioletwa kwenye mahari yako walikuwa sita, wanne wakabaki kwa Alute. Wa kwanza ni mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Huyo alizaa mitamba wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa kijivu mwenye pembe iliyoanguka. Wa pili ni yule mweupe aliyetoka kwa mjomba wa Mathayo. Uzao wake wote una masikio meusi. Wa tatu alikuwa tasa, akabadilishwa kwa fahali. Wa nne ni mwekundu mfupi, na ndiye aliyekuwa akimpiga Baba mateke. Kwa hesabu yangu ya mwisho ni tisa.

Ukimaliza kuwataja mwambie hivi: "Antipasi amesema nichukue nitakaowataka, na asiulizwe tena." Useme mbele ya wanawe.

Nimezungumza na ofisi ya benki hapa. Ukaguzi wa nyumba za Singida umepangwa wiki ya tarehe 23 Juni. Hawaji tena mpaka Agosti. Hakikisha jina lako limo.

Kaka yako,
Antipasi

*

Singida
18 Juni 1975

Kaka Antipasi,

Shikamoo. Sote wazima. Mama ameletwa na trekta la kijiji na yuko kwangu tangu Jumapili, analala na watoto na analalamika kwamba wanapiga mateke. Ameanza tena kulalamika, kwa hiyo hali yake imekuwa nzuri.

Nilikwenda Kinyangiri. Alute alinipa uji, kama nilivyosema, na akaniuliza kaka yangu yuko wapi. Nikamjibu kwa kuanza na mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Aliweka kata chini. Nilipofika kwa yule wa masikio meusi akaniingilia: "Aliyetoka kwa nani?" Nikasema kwa mjomba wa Mathayo. Nilipofika kwa wa nne nikasema alikuwa akimpiga Baba mateke. Akasema, "Hata mimi. Jino hili unaona halipo?" Akawaita wanawe, nikarudia maneno yako mbele yao. Mmoja wao alinong'ona kwamba haijawahi kutokea mwanamke kuchukua. Alute akamwambia, "Ametaja. Wewe unaweza kuwataja?"

Si tisa. Ni kumi na mmoja. Wawili walizaliwa tangu ulipohesabu mara ya mwisho, naye alinionyesha wote, akiwashika masikio.

Wamekonda kuliko tulivyofikiri. Mnadani niliambiwa mia na thelathini, nikakataa, nikakaa na ng'ombe wangu juani mpaka mchana. Mchinjaji mmoja aliniambia, "Dada, ng'ombe wako wanaanguka wenyewe, mimi nakusaidia kuwabeba." Nikamwambia awabebe kwa mia na hamsini. Akazunguka, akarudi, akazunguka, akarudi na mwenzake, wakawachukua wanane. Amana imetimia bila kuuza cherehani. Watatu wamebaki kwa Alute: mtamba mwekundu na wawili wa masikio meusi. Hao ni wako. Mimi kwenye mahari hiyo sidai tena kitu.

Amana nimeilipa benki kwa hundi ya posta na risiti ninayo. Mzee Selemani ameshafunga mizigo. Johari ameniachia jiwe la kusagia na ameniambia nisimruhusu mtu kulihamisha.

Kiapo nitakula Jumatatu tarehe 23, saa nne, kwa hakimu. Mkaguzi wa benki atakuwa Minga Jumanne tarehe 24, na nimeomba zamu ya usiku ili mchana niwe pale na ufunguo. Alhamisi tarehe 26 nitapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma. Mkataba unatiwa sahihi Ijumaa tarehe 27 Juni, saa tatu asubuhi, kwa asilimia sita, na jina lililoandikwa humo ni langu peke yangu.

Mdogo wako,
Febronia